Tumefundishwa Kuandika Dawa, Nani Atatufundisha Kuziondoa?

Mzee aliuweka mfuko mezani, akaugeuza juu chini. Vikopo kumi na vinne vya dawa vikabiringika. Kimoja kikaanguka, nikainama kukiokota, na nikiwa bado chini ya meza nikamsikia mwelekezi wangu, aliyenisimamia mafunzo ya kliniki, akimuuliza: "Katika hivi vyote, mzee, kipi kinakusaidia?"

Mzee akavitazama, akacheka. "Binti yangu, mimi nameza tu."

Nilikuwa muhula wa tatu wa shahada ya uzamili, hapa Marekani, nikisomea kuwahudumia watu wazima na wazee katika huduma ya afya ya msingi. Famakolojia, somo la dawa, nilikuwa nimeshafaulu, tena vizuri. Ningeweza kukueleza kila kidonge pale mezani kinafanya kazi gani, kinapita kwenye figo au kwenye ini, na kinagombana na kipi. Lakini kuna jambo moja sikuwahi kulifanya na hakuna aliyewahi kunitaka nilifanye: kushika kikopo kimoja na kusema, hiki basi.

Nitaanza na jina la kazi yenyewe, maana Kiswahili bado hakijaipa jina ambalo kila mtu analikubali. Ni muuguzi aliyerudi darasani baada ya kupata leseni ya uuguzi, akasoma kumpima mgonjwa mwenyewe, kutambua ugonjwa, kuagiza vipimo na kuandika dawa. Mimi namwita muuguzi tabibu, kwa sababu amebeba vyote viwili. Kuna majimbo anayofanya kazi kwa leseni yake tu, na kuna mengine yanayomtaka awe na makubaliano na daktari. Anayeuliza kama kazi hii inaaminika, kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2000 katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, ukiongozwa na Mary Mundinger wa Chuo Kikuu cha Columbia. Wagonjwa 1,316 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine kwa wauguzi hawa na wengine kwa madaktari. Baada ya miezi sita hali zao za afya hazikutofautiana kwa kiasi cha maana. Mjadala huo kwangu umekwisha. Kinachonikera ni kingine.

Kazi hii ilianzia kwa watoto. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya kwanza ili wauguzi waweze kuwahudumia watoto ambao hawakuwa na daktari karibu. Loretta Ford alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 104. Huwa nawaza mambo mangapi mwili wake ulipitia katika ile miaka arobaini ya mwisho, na ni wangapi kati ya waliomhudumia waliofundishwa hasa kuhusu mwili wa mtu wa umri huo.

Kwa muda mrefu kulikuwa na njia mbili, ya watu wazima na ya wazee. Mwaka 2008 mashirika ya uuguzi nchini yakakubaliana juu ya mfumo mmoja wa leseni, elimu na vyeti, na njia hizo mbili zikaunganishwa. Nia ilikuwa njema. Idadi ya wazee inaongezeka, kwa hiyo kila anayemhudumia mtu mzima alitakiwa awe na ujuzi wa wazee. Shida ni kwamba ukimimina vikombe viwili katika kimoja, kuna kitakachomwagika. Darasani kwetu kilichomwagika ni uzee. Tulikaa wiki nyingi na presha ya mtu wa miaka hamsini, kisukari cha mtu wa miaka hamsini na mgongo wa mtu wa miaka hamsini. Kisha zikaja wiki mbili zenye kichwa cha habari "mambo ya kuzingatia kwa wazee", kana kwamba mzee ni tanbihi ya kijana.

Na mzee si kijana aliyechakaa. Nimonia inaweza kumshika bila homa. Mshtuko wa moyo unaweza kuja bila maumivu ya kifua, ukaona tu mtu amechoka na hataki kula. Maambukizi yanaweza kuonekana kwanza kichwani, aamke hajui yuko wapi. Figo zake zinaweza kuwa zimepungua nguvu huku kipimo cha kreatinini, taka ambayo figo huisafisha kwenye damu, kikionekana cha kawaida, kwa sababu misuli inayotengeneza kreatinini nayo imepungua. Mwanafunzi asiyejua hilo anaandika dozi ya mtu wa miaka arobaini, na karatasi ya maabara inamuunga mkono.

Turudi mezani. Mwelekezi wangu alivipanga vile vikopo kwa tarehe, cha zamani kushoto, kipya kulia, halafu akaniambia nisome kama ninavyosoma hadithi. Katika vile kumi na vinne, vinne vilishikana. Kwanza ilikuwa amlodipini, kwa ajili ya presha. Miezi michache baadaye furosemidi, ya kutoa maji, maana miguu ilikuwa imevimba. Kisha oksibutinini, kwa sababu alikuwa anashindwa kufika chooni. Mwisho donepezili, kwa sababu familia ilisema anasahau.

Niliisoma mara mbili ndipo nikaona. Amlodipini inajulikana kwa kuvimbisha vifundo vya miguu. Furosemidi inajaza kibofu haraka. Oksibutinini inakausha mdomo, inafunga choo, na kwa wazee inavuruga kumbukumbu. Na jambo lililonifanya nikae chini: donepezili hufanya kazi kwa kuongeza asetilikolini, kemikali ileile ambayo oksibutinini inazuia kazi yake. Vidonge viwili, asubuhi moja, vinavutana kamba ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Watu wanne tofauti walikuwa wameandika dawa hizo, na kila mmoja alilijibu lalamiko lililoletwa mbele yake. Ukimhoji mmoja mmoja, ana hoja.

Tunasema dawa ya moto ni moto. Kwa wazee msemo huo umeunguza nyumba nyingi. Kitaalamu mtiririko huu una jina lake, kwa Kiingereza prescribing cascade, na watafiti Paula Rochon na Jerry Gurwitz waliueleza tangu miaka ya 1990: madhara ya dawa ya kwanza yanadhaniwa kuwa ugonjwa mpya, ugonjwa mpya unapewa dawa ya pili, na safari inaendelea. Hata orodha ipo. Mwaka 1991 daktari Mark Beers na wenzake walichapisha vigezo vya dawa zisizofaa kwa wazee, wakiwalenga kwanza wakazi wa nyumba za kutunzia wazee. Leo Chama cha Madaktari wa Wazee cha Marekani ndicho kinachovihuisha, na toleo la 2023 lipo. Humo utakuta dawa za usingizi, dawa za mzio za zamani kama difenihidramini inayouzwa bila cheti cha daktari, na glibenklamidi ya kisukari inayoweza kushusha sukari na kuishikilia huko chini. Orodha tuliikariri kwa ajili ya mtihani. Lakini kukariri orodha ni jambo moja, kumwambia mtu aache kidonge alichomeza miaka tisa ni jingine kabisa.

Hapo ndipo mafunzo yetu yanapopungua, na sioni haya kulisema. Kuandika dawa kuna hatua zinazofundishika: ugonjwa, mwongozo, dozi, sahihi. Kuondoa hakuna mwongozo ulionyooka hivyo. Unahitaji kujua nani aliianzisha na kwa nini, na mara nyingi aliyeianzisha alishahama. Unahitaji kumpigia mwenzako wa kliniki ya moyo na kumuuliza bila kumvunjia heshima. Unahitaji kumkabili mke wa mgonjwa anayeamini kwamba ukipunguza dawa umemkatia tamaa mumewe. Na unahitaji muda. Miadi ya dakika ishirini inatosha kuongeza kidonge, tena dakika tano zinabaki.

Halafu kuna hatari ya kweli, isije ikaonekana nahubiri kutupa dawa jalalani. Dawa za kupunguza mapigo ya moyo ukizikatisha ghafla moyo unaweza kukasirika. Dawa za usingizi za jamii ya diazepamu zilizotumika muda mrefu zikikatwa siku moja zinaweza kuleta degedege. Kwa yule mzee, mwelekezi wangu kwanza alihakikisha uvimbe haukutoka kwenye moyo wala figo. Akabadilisha dawa ya presha. Akasubiri. Miguu iliponywea akaondoa furosemidi. Akasubiri tena. Kisha oksibutinini, na mwisho kabisa donepezili, kwa kushusha dozi kidogo kidogo na kumpima kumbukumbu kila alipokuja. Ilichukua miezi minne. Kumbukumbu zake hazikurudi zote, na hakuna aliyemwahidi hivyo. Ila aliacha kuamka mara nne usiku kukimbilia choo gizani. Ukishaona nyonga ya mtu wa miaka themanini ilivyovunjika, utajua hilo si jambo dogo.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyolelewa. Kliniki nimeona kinyume chake: sisi ndio hatumsikilizi mkuu, na guu linalovunjika ni lake.

Sasa mzozo wa saa. Viwango vya kitaifa vilivyotolewa mwaka 2022 vilipandisha saa za mafunzo kwa vitendo kutoka 500 hadi 750 kwa uchache, zote za kumhudumia mgonjwa ana kwa ana. Nilishangilia, kisha nikapiga hesabu. Saa 750 kwa siku za saa nane ni kama siku tisini na nne. Ndani yake kuna kijana anayetaka kinga ya mimba, mama mwenye kipandauso, baba mwenye kisukari, na mzee. Wenzangu kadhaa walimaliza wakiwa wamepata nafasi kwenye kliniki za wafanyakazi wa ofisini, ambako mtu wa miaka sitini ndiye babu wa wote. Hawakuzichagua kwa kupenda. Waelekezi ni wachache na hawalipwi cha maana, na wapo wanafunzi wanaotoa fedha mfukoni mwao kwa madalali wa kuwatafutia nafasi. Ukishakuwa na bahati ya kupata mlango uliofunguka, huulizi ndani kuna wagonjwa wa umri gani.

Kuhusu ugomvi wa uzamili na uzamivu sina mengi. Mwaka 2004 chama cha vyuo vya uuguzi kilipendekeza kwamba ifikapo 2015 njia ya kuingilia kazi hii iwe shahada ya uzamivu. Mwaka 2015 ulikuja ukapita, na uzamili bado unawatoa watu kazini. Kama miaka ya ziada itatumika kuandika ripoti ya mradi ambayo haitasomwa, libaki lilivyo. Kama itatumika kukaa miezi sita na wagonjwa walewale ishirini wenye zaidi ya miaka sabini na mitano, nitajiandikisha mimi wa kwanza.

Maana hiyo ndiyo saa ninayoitaka ihesabiwe: ya kumuona mzee mmoja mara ya tano. Mara ya kwanza unajua majina ya magonjwa yake. Mara ya pili unampima presha akiwa amelala, kisha amesimama, na unaona imeshuka kwa zaidi ya 20 ndani ya dakika tatu, ukaelewa kwa nini anashika ukuta. Mara ya tatu unamwambia ainuke kitini, atembee mita tatu, ageuke, arudi akae, na saa yako inasoma sekunde kumi na saba wakati kumi na mbili tu ni dalili kwamba anaweza kuanguka. Mara ya nne anakuambia kile alichokuficha mara tatu, kwamba kile kidonge cheupe huwa anakitema. Mwanafunzi anayezunguka kliniki nne katika mihula mitatu hafiki mara ya nne.

Mfumo wa kompyuta tuliojazia saa zetu ulikuwa na nafasi ya umri wa mgonjwa, ugonjwa, vipimo na dawa ulizoandika. Nafasi ya dawa ulizoondoa haikuwemo. Nilimuuliza mhadhiri, akaniambia niweke kwenye maoni. Nikanunua daftari.

Daftari hilo ninalo mpaka leo. Lina mistari thelathini na moja, kila mmoja una dawa, sababu, tarehe na kilichotokea baadaye. Mwelekezi wangu alikuwa akilipitia kila Ijumaa. Mstari wa kumi na tisa ameuzungushia wino mwekundu. Ni bibi aliyekuwa akimeza omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali tumboni, kwa miaka sita bila sababu iliyoandikwa popote. Nilijiamini, nikaikatisha siku hiyohiyo. Baada ya siku kumi alirudi na kiungulia kikali kuliko alichokuwa nacho mwanzo, maana tumbo lililozuiwa tindikali muda mrefu huwa linafidia likiachiwa ghafla, na akaniambia hataki tena kuhudumiwa na mwanafunzi. Pembeni ya mstari huo mwelekezi aliandika maneno manne: "Dawa sahihi. Mwendo haukuwa."