Wali wa saa kumi alfajiri: ni kweli Kambodia wanamwaga chakula?

Kila ikikaribia Oktoba zile video za Pchum Ben, sikukuu ya Kibudha ya kuwakumbuka wafu, zinarudi, watu wamejaa pagodani Kambodia saa kumi alfajiri, giza bado, wanazunguka hekalu huku wanarusha chini matonge ya wali wa kunata wenye ufuta kulisha mizimu yenye njaa, na komenti ni zilezile: nchi maskini afu wanamwaga chakula, mbwa ndo wanafaidi. Hoja hiyo si ya wageni tu. Kuna watawa wa hukohuko wanaowaambia waumini waache kurusha waweke kwenye sahani, na anayeshika mafundisho atauliza pia, kama kila mtu anavuna matendo yake, tonge linamfikiaje marehemu?

Hilo la pili Budha aliulizwa mwenyewe na Janussoni, mbrahmini (kuhani wa dini ya kale ya India), na jibu kwenye maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya vitabu vya Kibudha, halina mzunguko: aliyezaliwa tena mtu, mnyama au mungu hapati kitu, anayepata ni aliyeangukia kwa mizimu, na kama ndugu yako hayupo huko atakula ndugu mwingine, manake haiwezekani ukoo wako mzima ukakosa mtu kule. Andiko lingine linasema huko hakuna kilimo wala mifugo wala biashara, wanaishi kwa kinachotoka huku.

Sasa fikiria Kambodia yenyewe. 1975 mpaka 1979, chini ya Khmer Rouge, wale wakomunisti wa Pol Pot, walikufa watu kama milioni 1.7 katika nchi ya watu kama milioni 8, yaani mmoja kati ya watano hivi. Wengi tukisikia namba hiyo tunawaza mauaji tu, ila sehemu kubwa sana walikufa kwa njaa, maradhi na kazi, mtu kashinda shambani analima mpunga, jioni anapewa uji wa maji matupu, na huo mpunga unapakiwa unapelekwa kwingine. Watawa nao walishavuliwa majoho, pagoda nyingi zikawa stoo na magereza, kwa hiyo hao watu hakuna aliyewasomea chochote, kaburi halijulikani, hata tarehe, na kuna koo zilizoisha zote, nani atawataja? Siku za Pchum Ben, kule ndani ya pagoda mtawa anasoma orodha za majina zilizoletwa na familia, ila wali wa gizani ni hata wa yule asiye na mtu. Mtu kafa kwa kukosa wali, leo anatupiwa tonge, afu wewe unaita hasara? Mi hapo mnanipoteza.

Na hata kwa hesabu ya sufuria, kinachorushwa ni kidogo, siku zote 15 familia zinapokezana kupeleka chakula, watawa wanakula, wakimaliza waliokuja nao wanakula. Sahani sina ugomvi nayo kabisa.

Penye shida ni kile kitisho cha pagoda saba, eti ndugu yako anakutafuta pagoda saba na asipokukuta anakulaani. Binti wa kiwanda cha nguo Phnom Penh, mshahara wenyewe ndo huo, nauli ya kijijini imepanda, bado azunguke kote huko na sadaka mkononi. Anayetaka kupunguza gharama aanze hapo, na watawa ndo wenye sauti ya kusema moja inatosha, manake kwenye jibu la Janussoni hakuna saba popote.