Zamu 33 za Pawtucket na Hisa za Dola 10 za Rochester

Mjadala wa kwa nini mji wa Pawtucket, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, ulipoteza timu yake ya besiboli huanzia mwaka 2018 na kuishia kwa wanasiasa. Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo alikuwa mkaidi, wamiliki walikuwa na tamaa, mji wa Worcester wa jimbo jirani la Massachusetts ulikuja na mfuko mnono: chagua wa kumlaumu. Kwa maoni yangu, wote hao walikuta mambo yameshaharibika. Anayetaka kujua Pawtucket Red Sox, au PawSox kama walivyoitwa na mashabiki wao, waliondokaje, awatazame wapinzani wao wa ule mchezo wa 1981 ulio mrefu kuliko yote katika besiboli ya kulipwa, Rochester Red Wings wa jimbo la New York. Timu hizo mbili ziliingia pamoja kwenye kumbukumbu za besiboli. Moja bado iko kwao. Nyingine imebadili jina na inacheza jimbo jingine.

Kwa aliyezoea soka, kwanza asahau kupanda na kushuka daraja. Kila klabu kati ya 30 za Ligi Kuu ya Marekani, MLB, ina timu za chini inazolelea wachezaji, na ya juu kabisa kati ya hizo huwa kwenye daraja la Triple-A. Wachezaji na makocha ni mali ya klabu mama. Ndiyo inayowalipa na ndiyo inayowahamisha. Mpigaji bora wa Pawtucket aliweza kuitwa na klabu mama, Boston Red Sox, saa tano asubuhi na jioni akawa amevaa jezi nyingine, na mmiliki wa Pawtucket hakuwa na la kusema. Yeye kazi yake ilikuwa kuuza tiketi, chakula na matangazo ya ukutani, na kuhakikisha taa zinawaka.

Kwa hiyo ukiipasua timu ya ligi ndogo, ndani unakuta nyaraka tatu: haki ya kushiriki ligi, mkataba na klabu mama, na mkataba wa kupanga uwanja. Aliyeshika ile ya kwanza anaweza kufungasha timu na kuondoka nayo. Mji, kwa kawaida, unashika ya tatu peke yake, na bado unajiita mwenye timu.

Pawtucket ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Uwanja wa McCoy ulijengwa juu ya kinamasi wakati wa ule mdororo mkuu wa uchumi, kwa msukumo wa meya Thomas P. McCoy na fedha za mpango wa serikali ya Rais Roosevelt wa kuwapa watu ajira. Ardhi ilimeza vifaa na gharama ikapita dola milioni 1. Wapinzani wa meya wakauita upumbavu wake. Ulifunguliwa mwaka 1942. Boston Red Sox walileta timu ya daraja la Double-A mwaka 1970, na mwaka 1973 wakahamishia hapo ile ya Triple-A kutoka Louisville. Mwaka huohuo ikatwaa Kombe la Magavana, taji la ligi yao, International League. Uwanjani mambo yalikuwa mazuri. Kwenye vitabu vya hesabu yalikuwa mabaya, na kufikia mwisho wa msimu wa 1976 timu ilikuwa imefilisika.

Hapo ndipo akaja Ben Mondor, mzaliwa wa Quebec aliyetajirika kwa viwanda vya nguo na tayari alikuwa amestaafu. Aliyemshawishi ni Chet Nichols, mrushaji wa zamani wa ligi kuu aliyekuwa mtu wa benki. Mondor hakutaka kurithi madeni. Alitaka haki ya zamani ya kushiriki ligi ifutwe na apewe mpya, safi, kwa jina lake. Akapewa.

Watu hulipita jambo hili haraka kwa sababu yaliyofuata yanapendeza. Msimu wake wa kwanza, 1977, watazamaji walikuwa takriban 70,000 kwa mwaka mzima. Mwaka 2005 walipita 688,000. Alifanya kwa njia isiyo na siri: alisafisha vyoo, aliwafukuza walevi na wakorofi, akashikilia bei ya chini ili fundi wa kiwandani aje na watoto wanne bila kupiga hesabu mara mbili. Uwanja wenyewe ulikuwa na hitilafu moja ya kupendeza. Vibanda vya wachezaji vilikuwa chini ya jukwaa, usawa wa kiwanja, kwa hiyo shabiki aliye juu hawezi kumfikia mchezaji kwa mkono. Watoto wakabuni dawa: wanachukua dumu la plastiki la maziwa, wanalikata dirisha ubavuni, wanaweka humo mpira na kalamu, wanafunga kamba shingoni na kuliteremsha taratibu mbele ya kibanda. Mchezaji anatia saini, anarudisha kalamu, mtoto anavuta. Kamba ndefu sana inapigana na upepo, fupi haimfikii mtu. Mtoto mzoefu wa McCoy alijua kipimo cha kamba yake.

Kisha kuna ule mchezo. Jumamosi ya mkesha wa Pasaka, 18 Aprili 1981, taa zilisumbua na mpira ukachelewa kuanza kwa nusu saa hivi. Watazamaji walikuwa 1,740. Besiboli ya kawaida ina zamu 9, na katika kila zamu timu zote mbili hupata nafasi ya kupiga. Kama ni sare, zinaongezwa zamu moja moja hadi mmoja ashinde. Rochester walitangulia kwa pointi 1 kwenye zamu ya 7. Pawtucket wakasawazisha mwishoni mwa ya 9. Zamu ya 21 Rochester wakapata nyingine, na papo hapo Wade Boggs akasawazisha tena, 2–2. Upepo ulikuwa ukivuma kuingia ndani ya kiwanja. Mpira ambao usiku mwingine ungepita ukuta ulirudishwa hadi mkononi mwa mdakaji. Baridi ilipozidi, wachezaji wakawasha moto kwenye pipa, kuni zikiwa magongo yaliyovunjika.

Kilichokwenda kombo ni karatasi, na hapa nacheka kila mara. Ligi ilikuwa na kanuni ya kutoanza zamu mpya baada ya saa 6:50 usiku. Katika kitabu cha maelekezo walichopewa waamuzi mwaka ule, kanuni hiyo haikuwamo. Waamuzi, wakifuata kilichoandikwa mbele yao, wakaendelea. Rais wa ligi, Harold Cooper, alipopatikana kwa simu ndipo amri ya kusimamisha ikatoka, na mchezo ukakatishwa saa 10:07 alfajiri ya Pasaka, mwisho wa zamu ya 32. Majukwaani walikuwa wamebaki watu 19. Mrushaji Luis Aponte, aliyemaliza kazi yake mapema na kuruhusiwa kuondoka, alikuta mkewe hataki kumfungulia mlango: mpira gani huo wa saa tisa usiku?

Walimalizia 23 Juni. Ligi kuu ilikuwa kwenye mgomo, waandishi hawakuwa na pa kwenda, na uwanja ukajaa watu 5,746. Iliwachukua dakika 18. Marty Barrett wa Pawtucket aligongwa na mpira wa Steve Grilli, mrushaji wa Rochester, na kupewa besi (kituo) ya kwanza, Chico Walker akapiga na kumsogeza hadi ya tatu, Russ Laribee akapewa besi ya bure makusudi, akaletwa mrushaji mwingine, na Dave Koza akapiga upande wa kushoto. Barrett akafika nyumbani, pointi ya ushindi: 3–2, saa 8 na dakika 25 kwa jumla, mchezo mrefu kuliko yote katika besiboli ya kulipwa. Kati ya waliocheza, 25 walikuwa wamepita au walikuja kupita ligi kuu. Boggs yumo kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli, na Cal Ripken Jr. aliyelinda besi ya tatu ya Rochester pia yumo. Koza hakuwahi kucheza ligi kuu hata siku moja.

Sasa hao Rochester. Tangu 1928 timu yao ilikuwa mali ya klabu mama ya St. Louis Cardinals, na Stan Musial, mpigaji maarufu wa klabu hiyo, alipita hapo mwaka 1941 akielekea ligi kuu. Ilipofika mwishoni mwa 1956, St. Louis wakachoka na kutaka kuachana na timu pamoja na uwanja wake. Ni hatari ileile iliyoikuta Pawtucket miaka 20 baadaye. Tofauti iko kwenye dawa. Morrie Silver, mfanyabiashara wa hapo mjini, hakuinunua peke yake. Aliongoza kampeni ya kuuza hisa kwa wananchi, dola 10 kila moja, na ndani ya siku 72 wakapatikana wanahisa 8,222. Kampuni waliyounda, Rochester Community Baseball, ikanunua timu na uwanja mwaka 1957, na hadi leo ndiyo iliyoshika ile karatasi ya kwanza, haki ya kushiriki ligi.

Hisa hizo hazikuondoa matatizo. Timu ilifungwa misimu mingi mfululizo, na ndoa yake na Baltimore Orioles, iliyodumu tangu 1961, ilivunjika mwishoni mwa 2002. Wakaja Minnesota Twins, na tangu 2021 ni Washington Nationals. Mwaka 1997 walihama uwanja wa zamani, uliokuwa umepewa jina la Silver, wakaenda uwanja mpya unaomilikiwa na kaunti ya Monroe. Pia tusidanganyane kwamba wanahisa elfu nane hukaa mezani kuendesha timu: familia ya Silver imebaki kwenye usukani, na bintiye Morrie, Naomi, ameiongoza kwa miaka mingi. Lakini klabu mama ilipobadilika mara mbili, timu haikuhama. Uwanja ulipobadilika, timu haikuhama. Ili kuihamisha ungelazimika kwenda kuwaomba watu wa Rochester wakubali timu yao iondoke Rochester.

Pawtucket nako hakukuwa na haja ya kuuliza swali hilo maadamu Mondor yu hai. Alikuwa mtu mwema, na mji ukajenga maisha yake juu ya wema wa mtu mmoja. Alifariki Oktoba 2010. Umiliki ukabaki kwa mjane wake na wasaidizi wawili wa siku nyingi, na kwa zaidi ya miaka minne ilijulikana wazi kwamba siku moja timu itauzwa. Mimi kosa naliona hapo. Katika dirisha hilo mji na jimbo wangeweza kuuliza kuhusu hisa, au angalau haki ya kuwa wa kwanza kupewa ofa ya kununua. Walisubiri. Februari 2015 ikatangazwa kwamba mnunuzi ni kundi la Larry Lucchino, bosi wa Boston Red Sox wakati ule, na wakili James Skeffington. Wazo lao la kwanza lilikuwa kuipeleka timu Providence. Skeffington akafariki Mei mwaka huohuo, na mpango wa Providence ukafa.

Baada ya hapo ni hesabu tu. Mkataba wa kupanga McCoy ulikuwa unaisha mwanzoni mwa 2021. Pendekezo la uwanja mpya katikati ya Pawtucket lilikuwa dola milioni 83: timu 45, jimbo 23, mji 15. Seneti ya jimbo ilipitisha Januari 2018. Baraza la Wawakilishi likakaa nalo hadi Juni, likaja na sheria iliyoondoa dhamana ya jimbo kwenye hatifungani, yaani mkopo wa ujenzi. Mkopo usio na dhamana ya serikali una riba kubwa zaidi, na wamiliki walilijua hilo. Tarehe 17 Agosti 2018 wakatangaza wanakwenda Worcester, Massachusetts. Msimu wa 2020, ambao ungekuwa wa kuaga, ulifutwa na korona, kwa hiyo hata kwaheri ya uwanjani haikuwepo.

Kuna wanaosema Rhode Island ilifanya vyema kukataa, na hoja yao si nyepesi: uwanja wa Worcester uliishia karibu dola milioni 160, karibu mara mbili ya ule uliokataliwa. Nami siwatetei matajiri wanaotaka uwanja wa kodi za watu. Ila ukitazama vizuri, mji usio na hisa huwa na majibu mawili tu mezani, lipa au kwaheri, na yote mawili ni hasara. Zaidi ya hapo, Pawtucket imeishia kutumia fedha za umma kwenye uwanja vilevile, safari hii wa soka, ukingoni mwa mto, kwa ajili ya Rhode Island FC. McCoy nao ulianza kubomolewa mwaka 2025 kupisha shule ya sekondari ambayo wapiga kura waliidhinisha fedha zake mwaka 2022.

Worcester wenyewe wasichekelee sana. Mwishoni mwa 2023 Lucchino na wenzake waliiuza timu kwa Diamond Baseball Holdings, kampuni iliyokwisha kukusanya makumi ya timu za ligi ndogo. Na mwaka 2021 MLB ilijitwalia ligi ndogo zote, ikapunguza timu zake kutoka 160 hadi 120 na kuzipa leseni za miaka 10 zenye masharti: taa za kiwango fulani, vyumba vya kubadilishia nguo kwa wafanyakazi wa kike, mabanda ya mazoezi ya kupiga. Kiwanja kisichotimiza kinaiweka leseni hatarini, na anayelipia marekebisho mara nyingi ni mji au kaunti.

Leseni hizo zinafika kikomo baada ya msimu wa 2030. Mji wowote wenye timu ya ligi ndogo ungefanya vizuri kujua sasa hivi, kabla ya kuombwa hata senti ya taa, jina la nani limeandikwa kwenye leseni, mkataba wa uwanja unaisha mwaka gani, na ni kiasi gani mwenye timu atalipa akiuvunja. Rochester wana jibu la swali la kwanza tangu 1957. Mawili yaliyobaki hata wao itabidi wakajadiliane na kaunti.