Skrini ya pili: angalia tundu kwanza

Kuna makala inayosema mhasibu akiongezewa skrini ya pili kwenye kompyuta yake kazi inakwenda haraka. Sawa, ila haijagusa yanayokwamisha. Si kila tundu la USB-C, lile dogo la mviringo bapa kwenye kompyuta, linatoa picha. Mengine ni ya chaji na data tu, na waya nao uwe wa kubeba picha. HDMI, njia nyingine ya kuunganisha skrini, toleo la 1.4 ikibeba 4K (picha yenye nukta nyingi sana) inaishia 30Hz, yaani picha 30 kwa sekunde, ndiyo maana kishale cha mausi kinajikokota, watu wanalaumu kompyuta. MacBook Air yenye chipu ya M1 inakubali skrini moja tu ya nje.

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua kupanua (skrini mbili ziwe eneo moja la kazi), si kunakili (zote zionyeshe kitu kilekile). Kisha kwenye mipangilio ya skrini buruta visanduku 1 na 2 vinavyowakilisha skrini zako vifuate mpangilio wa mezani, la sivyo mausi inagota pembeni.

Skrini unayoitazama zaidi iwe mbele ya pua, nyingine ubavuni. Ukizigawa sawa kushoto na kulia, fremu za katikati ndizo zinazokukabili na shingo inapinda kutwa. Anayeandika tu, kwa maoni yangu, skrini moja ya inchi 27 yenye nukta 2560×1440 inamtosha. Nyaraka mbili zinakaa bega kwa bega bila kubanana.