Insha Inayoogopa Kuamua

Nimekasirika, na sioni sababu ya kuficha. Binti mmoja wa mtaani kwetu hapa Majengo, Mombasa, anaomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya biashara ng'ambo. Chuo kimemtaka aandike insha kuhusu sheria za madai za kila siku, yaani mikataba, upangaji, fidia na mali, na jinsi zinavyogusa biashara, huku akipima pande zote. Aliandika vizuri sana. Kisha akampelekea mshauri wa kulipwa, na aya bora kuliko zote ikakatwa.

Aya hiyo ilihusu nyumba ya nyanya yake. Nyumba ni ya nyanya, ardhi si yake. Watu wa Mombasa sina haja ya kuwaeleza zaidi. Kila mwezi bibi huyo hulipa kodi ya ardhi kwa wakala wa mwenye ardhi na kupewa risiti ya kaboni. Za zamani zimefifia hata jina la marehemu mumewe halisomeki, lakini hajatupa hata moja. Mshauri akasema hizo ni hisia, si sheria. Mahali pake akaweka kisa cha konokono ndani ya chupa ya kinywaji, ambapo mnywaji alimdai fidia mtengenezaji: Donoghue dhidi ya Stevenson, kilichoamuliwa London mwaka 1932.

Kesi kubwa hiyo, nakubali. Ndiyo msingi wa madai ya uzembe hadi kwenye mahakama zetu. Lakini msomaji wa maombi kule anaijua kabla hujaanza kumsimulia. Nyumba isiyo na ardhi haijui.

Na si hisia hata kidogo. Sheria ya Kiingereza inasema kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi. Huku Pwani, chini ya sheria ya Kiislamu na mazoea ya wenyeji, nyumba au mnazi huweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwingine. Kenya ilipopokea sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, sheria ya mwaka 1967 inayoongoza mahakama zetu iliweka sharti: itumike tu kwa kadiri hali ya nchi na wakazi wake inavyoruhusu. Sheria yenyewe inamtaka jaji aangalie hali ya hapa, halafu mshauri anamkataza mtoto wa hapa kuitaja!

Tena hapo ndipo biashara ilipo. Bibi yule amekaa miongo na miongo, lakini akienda benki kukopa ataulizwa hati ya ardhi. Mtu atamwambia adai ardhi kwa ukaaji wa miaka 12. Haitamsaidia, kwa sababu ukaaji huo lazima uwe bila ruhusa ya mwenye ardhi, na kila risiti aliyoitunza inathibitisha kwamba alikaa kwa ruhusa. Uaminifu wake wa kulipa ndio uliomfungia mlango huo. Mwanafunzi wa biashara anayeliona jambo kama hilo ameshaanza kufikiri kuhusu mtaji.

Upande wa pili binti hakuusahau. Aliandika kwamba mwenye ardhi ameirithi kihalali pamoja na ndugu zake, kwamba anadaiwa ada za ardhi na kaunti, kwamba kodi anayopokea ilipatanwa enzi za baba zao, na kwamba hawezi kujenga wala kuuza kwa bei ya maana huku nyumba za watu zimesimama juu yake. Mwenye ardhi mwenyewe angeisoma asione alipoonewa. Kisha binti akaamua: mwenye nyumba apewe nafasi ya kwanza ya kununua, kwa bei ya mthamini huru. Huko ndiko kupima pande zote. Toleo la mshauri linamaliza kwa kusema kila upande una haki zake na majadiliano yaendelee. Basi ulipima ili iweje?

Ni kweli nafasi ni ndogo, na msomaji wa ng'ambo hajui Majengo iko wapi. Sentensi mbili zinatosha kumweleza. Mahakama ya madai madogo, yenye kikomo cha shilingi milioni 1, ipewe sentensi moja. Mahakama ya kadhi iguswe panapohusu mirathi, basi.

Nimemsihi airudishe aya yake nzima, na ombi langu la pili ni kwa mawakili wa mji huu. Vijana hawa wanalipa pesa nyingi kusomewa insha na watu wasiojua sheria ya ardhi ya Pwani. Mtoto wa jirani akikuletea kurasa zake mbili, msomee. Msahihishie kifungu alichokosea, umwachie uamuzi wake.