Kinyama cha Shangazi

Shangazi alipotolewa kinyama cha kupima saratani kule nyumbani Afrika Mashariki, kilitumbukizwa kwenye fomalini, dawa inayohifadhi nyama lakini inaua seli, nasi tukakaa wiki nyingi tukingoja karatasi ya majibu. Huku Uholanzi, ninakofanya kazi maabara, kinyama cha namna hiyo hukimbizwa kwetu juu ya barafu kingali hai. Tofauti huanzia hapo.

Tunakikatakata, tunakilegeza kwa vimeng'enya, halafu seli tunazipanda ndani ya matone ya ute mzito (unatokana na uvimbe wa panya, usiniulize nani aliwaza hivyo). Baada ya wiki kadhaa huota vivimbe vidogo sana, oganoidi, vyenye hitilafu nyingi za jeni alizonazo mgonjwa mwenyewe. Kila kishimo cha sahani hupewa dawa yake, tukaona ipi inaua. Mbinu hii ilianzia Utrecht: mwaka 2009 Toshiro Sato, katika maabara ya Hans Clevers, aliotesha oganoidi za utumbo mdogo wa panya kutoka seli shina moja, yaani seli inayoweza kuzaa seli za aina nyingine. Mwaka 2018 watafiti wa London walipima saratani za tumbo na utumbo zilizosambaa. Dawa iliyofaa kwenye oganoidi ilimfaa mgonjwa mara 88 kwa 100. Iliyoshindwa huko ilishindwa mwilini mara zote. Wagonjwa waliolinganishwa, lakini, walikuwa wachache.

Ndugu husikia haya wakaniambia, "Basi tumlete huko." Nawakatalia. Hata huku kazi hii bado ni ya utafiti zaidi. Kuna uvimbe unaogoma kuota, kuna mgonjwa asiyeweza kungoja, na oganoidi za kawaida hazina mishipa ya damu wala kinga ya mwili.

Ninachowaonea wivu watu wa huku ni friji zao. Seli hizi hugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali, zikaoteshwa tena miaka baadaye. Afrika Mashariki saratani ya umio iliyozoeleka ni ya seli bapa. Huku imezoeleka adenokasinoma, ile ya seli za tezi. Dawa zikijaribiwa kwa walichohifadhi wao, za saratani ya kwetu zitajaribiwa kwa kitu gani?

Naambiwa tuanze na wataalamu wa kusoma vinyama. Sawa, waongezwe. Lakini mtungi wa naitrojeni na mtu wa kuujaza haviwazuii kuajiriwa.

Kinyama cha shangazi kipo mahali, ndani ya kipande cha nta. Kinaweza kusomwa. Kuota hakioti tena.