Ni Unyevu, Sio Uzito

Kwanza kabisa, wanaume walionikwamua kwenye kile kiti hawakuwa wanne. Walikuwa wawili. Na hapakuwa na msumeno wowote, kilikuwa kisu cha kukatia zulia, tena alikishika fundi mwenyewe kwa adabu zote. Shoga yangu ameshawasimulia la kwake tangu juzi usiku, na kile kivideo chake cha sekunde kumi na mbili mmekizungusha kila kundi, hadi mama yangu mdogo amenitumia mimi mwenyewe akiniuliza, "Hivi huyu si kama wewe?" Nimenyamaza siku mbili. Leo nyonga imetulia, naweza kukaa. Kwenye kiti cha chuma. Nimekuja kusema la kwangu.

Habari ya ile nyumba mnaijua, niliwachosha nayo mwezi mzima. Nyumba kubwa tupu, mwenyewe kaiazima, kila mbunifu anapewa chumba akivishe kwa gharama zake, watu wanalipa kiingilio kuja kutazama, hela yote inakwenda kwenye matibabu ya watoto. New York wanafanya hivi tangu 1973, kuchangia klabu ya watoto ya Kips Bay, na mbunifu akipata chumba huko anajisifia mpaka wajukuu wanajua. Mimi nilijisifia kama robo saa hivi. Kisha matokeo ya kura yakatoka nikajua chumba changu ni kipi.

Chumba cha kufulia.

Mita tatu kwa mbili na nusu. Dirisha lake ukilifunika kwa sinia linaisha. Ukutani linapita bomba la maji linalotoka jasho kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Wenzangu wana sebule, wana maktaba, kuna aliyepata chumba cha kulala chenye roshani! Na yule wa sebule (simtaji, ananifuatilia humu, hujambo) akaja kunipa pole huku anacheka kwa pua.

Ndipo nikaapa. Mada yangu ikawa Karatasi. Kila kitu karatasi: kuta karatasi, pazia karatasi, taa zimevikwa karatasi, maua ya karatasi mia mbili na kitu ambayo yamenitoa malengelenge, na katikati, kama mfalme, kiti kikubwa cha mikono kilichotengenezwa kwa maboksi matupu. Juu ya mlango nikaandika kwa herufi kubwa: HAKUNA MBAO, HAKUNA MSUMARI. Hayo ndiyo maandishi mnayoyaona kwenye video juu ya kichwa changu. Asanteni kwa kuyapigia mstari mwekundu.

Fundi wangu aliniambia. Mniandikie hapo kwamba nimekiri. Alisema, "Dada, niruhusu niweke kipande kimoja cha plaiwudi chini ya kikalio. Kimoja tu. Nani atakiona?"

Nikamjibu, "Mungu atakiona."

Akanitazama kidogo, akaendelea kupaka gundi.

Sasa sikilizeni, maana mnanisema hamjui boksi linavyofanya kazi. Boksi lina karatasi mbili, katikati kuna nyingine imekunjwa mawimbi. Ukiyasimamisha yale mawimbi wima, yanabeba mzigo kama nguzo ndogo ndogo elfu. Ukiyalaza, una mto wa kulalia. Kiti changu kilikuwa na vipande themanini vilivyobandikwa kimoja ubavuni mwa kingine, mawimbi yote wima. Kilijaribiwa! Alikalia fundi, wakakalia vijana wake wawili kwa pamoja, nikakalia mimi nimepakata ndoo ya rangi. Wiki nzima kiko imara kama jiwe. Kwa hiyo wewe unayeandika "dada punguza wali", kaa pembeni kwanza.

Asubuhi ya ufunguzi akapita mkaguzi wa mambo ya moto. Akaona chumba kizima ni karatasi, akavuta pumzi ndefu. Nikamwonyesha taa zangu zote ni LED, hazichomi. Akasema bila dawa ya kuzuia moto hapiti mtu mlangoni. Haki yake. Dawa yenyewe ni boraksi na asidi ya boriki ndani ya maji, unapuliza mpaka karatasi inywe, maji yanakauka, chumvi zinabaki zikilinda. Kwenye chombo wameandika: acha ikauke saa 24.

Mimi nilikuwa na saa tisa.

Tena nikapuliza kwa mapenzi. Kuta nikazipa kidogo zisijikunje, kiti nikakinywesha sawasawa, kwa sababu kiti ndicho roho ya chumba, na roho haipaswi kuungua. Kisha nikachukua draya ya nywele nikakaa nacho kama saluni, saa mbili nzima, mbele na nyuma. Nikakigusa: kikavu! Jamani, kilikuwa kikavu nje. Ndani kilikuwa godoro la mtoto anayekojoa. Boksi likikaa kwenye unyevu mkubwa tu, bila hata kumwagiwa, laweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Mimi langu nililitia unyevu, nikalitia dawa, nikafunga mlango vumbi lisiingie, na lile bomba likaendelea kutoka jasho ndani.

Haya, kingine nikiri kabisa niwe mwepesi. Kwenye kiti nilikuwa nimeweka kibao: "Tafadhali usikalie." Saa moja kabla ya wageni, yule wa sebule akapita, akakisoma kwa sauti, akasema, "Aaa, kumbe ni cha kuangalia tu."

Nikakitoa kile kibao. Nikakitia kwenye mkoba.

Wageni wakaja. Mgeni rasmi ni mama mmoja mtu mzima, mkongojo, shanga nzuri za kijani, mtu wa heshima zake. Nyuma yake watu kama arobaini wamejibana mlangoni na kwenye ujia. Akatazama kuta, akagusa ua moja, akatabasamu. Kisha akakielekea kiti, akakigonga kwa mkongojo.

"Mwanangu, hiki kinakalika?"

Na akaanza kugeuka ili akae.

Namshukuru Mungu kwa kiherehere changu, maana lingine lingekuwa mazishi. Nikaruka: "Subiri mama, nikuonyeshe!" Nikakaa. Mgongo wima, miguu pamoja, gauni langu lile jeusi la kubana mlilolisifia. Mikono nikaitandaza juu ya mikono ya kiti kama malkia. Na kwa kuwa watu wamenyamaza wananitazama, nikaanza hotuba niliyoikariri wiki nzima.

Hapa nakwenda polepole, kwa sababu shoga yangu alianza kurekodi katikati na hamjui mwanzo.

Nikaanzia China, mwaka 105, Cai Lun anayepewa sifa ya kutengeneza karatasi. Niko juu. Namtazama mgeni rasmi usoni, macho kwa macho.

Nikaja 1856, Uingereza, karatasi ya mawimbi inapewa hataza, yaani hati ya uvumbuzi, kwa mara ya kwanza, na kazi yake ilikuwa kutiwa ndani ya kofia ndefu za wanaume. Watu wakacheka vizuri. Nikasikia chini yangu kitu kikisema *fyuuu*, taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa bili. Nikadhani ni mgeni. Nikaona sasa ninazitazama shanga za kijani.

Nikaja 1972, msanifu majengo Frank Gehry, Marekani, kiti chake cha Wiggle, cha maboksi, mpaka leo kinauzwa. Nilipotamka "mpaka leo" nilikuwa natazama mkanda wa mgeni rasmi. Nikaelewa. Na mngekuwa ninyi mngefanya nini? Mngesimama. Mimi nilijaribu, nyie! Nikasukuma mikono ya kiti ili ninyanyuke, na ile mikono, kwa vile katikati kumeshabonyea, ikainama kwa ndani ikanikumbatia. Yaani kiti kilinipokea kama shangazi aliyenikosa siku nyingi.

Sasa sijui ni shetani gani aliniambia kwamba nikiendelea kuongea hakuna atakayeona. Nikapandisha sauti. Kobe, Japani, 1995, baada ya tetemeko, msanifu majengo Shigeru Ban anawajengea watu nyumba za mabomba ya karatasi, msingi wake makreti ya bia yaliyojazwa mchanga! Magoti yangu yakaanza kupanda. Yakapita kiuno. Yakanifikia kifuani, yakanisalimia. Gauni lile halikuruhusu goti kwenda kulia wala kushoto, njia yake ilikuwa moja tu, juu. Natazama kichwa cha mkongojo.

Christchurch, New Zealand, 2013! Sauti inatoka imebanwa, kama redio iliyozikwa. Kanisa kuu la mabomba ya karatasi, jamani, WATU MIA SABA wanakaa humo! Na mimi mmoja tu ndiye nimeshindikana. Viatu. Natazama viatu vya mgeni rasmi. Vyeusi, vina kamba, vimepigwa brashi vizuri.

Kimya.

Halafu wakapiga makofi.

Wakapiga makofi! Walidhani ndiyo sanaa yenyewe. Bwana mmoja mwenye miwani nikamsikia anamfafanulia mkewe kwamba hapa binadamu anamezwa na taka zake mwenyewe. Mke anatikisa kichwa, "Mmh, inagusa." Mimi niko chini nimekunjwa kama shati la safari, visigino viko hewani, juu ya kichwa pameandikwa HAKUNA MBAO, natabasamu. Kulia sikuweza, hewa ya kulilia ilikuwa haipo.

Mgeni rasmi akainama na mkongojo wake, akasogeza sikio karibu.

"Mwanangu, umekwama?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi endelea kutabasamu."

Akainuka, akamwambia mshereheshaji kitu. Yule naye, laana imfikie kwa upole, akashika kipaza sauti: "Mabibi na mabwana, huyu dada hatoki humu mpaka watoto wapate!" Watu wakaanza kutaja ahadi zao. Mmoja akatoa ili nitolewe. Mwingine akaongeza. Nikaona niko karibu kuokoka, ndipo sauti ninayoijua ikatoka nyuma, inacheka kwa pua: "Mimi naongeza mara mbili, lakini akae dakika tano zaidi."

Wa sebule. Nimesema hujambo.

Hapo katikati ndipo shoga yangu alipotoa simu. Rafiki wa miaka kumi na moja. Badala ya kunipa mkono akatafuta mwanga mzuri.

Yaliyobaki hayana maana. Fundi alikuja na kijana wake, wakakata mkono wa kiti, nikavutwa kwa makwapa, nikatoka na kipande cha kikalio kimegandia nyuma ya gauni, nikaaga wageni kwa kurudi kinyumenyume mpaka bafuni. Chumba changu kilikusanya kuliko sebule, na hilo ninataka lisomwe mara mbili. Mabaki ya kiti fundi alijaribu kuyachoma nyuma ya nyumba, hayakushika. Njiti nane. Dawa inafanya kazi, mkaguzi alale salama.

Fundi hakusema "nilikwambia". Hata mara moja. Alikusanya zana zake, na alipofungua mfuko nikakiona humo kipande cha plaiwudi, kimekatwa kipimo kilekile cha kikalio, kona zimepigwa msasa. Alikuwa nacho wiki nzima. Nikajifanya sijakiona, naye akajifanya sijakiona.

Jana usiku ndipo akanitumia ujumbe. "Dada, nimesoma habari za lile kanisa lako la karatasi. Ndani ya yale mabomba wametia mbao. Mungu anaziona kila Jumapili na hajalalamika."