Hatuuzi! Vijana wa Mtwara na Onesho Lao la Vichekesho

Vichekesho vya Dar vimemzoea Mmakonde mlinzi: koti kubwa, rungu, na Kiswahili cha "ntu" na "nchele". Tumekua tukimtazama kwenye televisheni na tukicheka pamoja na wengine, ingawa baadhi yetu tukifika Kariakoo tunaibana lafudhi isitutoroke mbele ya muuza duka. Ndiyo maana onesho la muziki na vichekesho la vijana wa hapa mjini lilinipata kabla hata wimbo wa kwanza haujaisha. Humo anayechekwa kwa jinsi anavyoongea ni mgeni kutoka Dar.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Kijana anashuka kwenye basi, suti imembana, simu mbili mkononi, anajiita mnunuzi mkubwa. Ni kipindi cha kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, mkulima hana kitu, na jamaa anaanza kangomba: anagawa vihela kidogo mikorosho ikiwa bado maua, ili msimu ukifika ajilipe korosho kwa kipimo cha bakuli. Biashara hiyo imekatazwa, na kila aliyekaa Mtwara anajua kwamba haijawahi kwisha. Huku nyuma anamtaka binti wa mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima. Mengine mtakisia, na mtakisia sawasawa.

Kilichonikalisha ni muziki. Mgeni anaimba singeli. Kila akitaka kudanganya, mapigo yanazidi kasi, na uongo ukiwa mkubwa kweli maneno hayashikiki kabisa. Unabaki kuona midomo inakwenda na mkono unatoa noti. Bibi mwenye shamba anamjibu kwa mwendo wa taarab, polepole, kitambaa mkononi, mpasho umenyooka. Hapo mgeni inabidi angoje. Akijaribu kumkatiza, mapigo yake yanagongana na ya bibi na anajikwaa jukwaani. Sijaona siku nyingi wimbo ukifanya kazi ya kichekesho namna hiyo, bila mtu kuanguka makusudi wala kukunja sura.

Halafu ukaja mnada. Karani anasimama na karatasi, anasoma bei za wanunuzi kwa kuimba, sauti ya kikasisi kabisa, na kundi la wakulima linamjibu "Hatuuzi!" Walioandika wimbo huu wamekaa kwenye minada, si bure. Siku hizi bei zinaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, lakini wakulima bado wanakusanyika na bado wana mdomo. Bei ya pili iliposomwa, ukumbi mzima ukapokea "Hatuuzi!", na wale waigizaji wakakosa la kufanya kwa muda kwa sababu wakulima wa kweli tulikuwa upande wa viti. Katikati ya zogo anapita mzee mmoja na mkongojo, anauliza kwa upole kama hela za msimu wa 2018 zimeingia. Asiyekuwapo mwaka ule, serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaingia kazini kuzisomba, kisha malipo yakachelewa, huenda asicheke. Sisi tulicheka mpaka karani akaacha kusoma.

Lakini pale nilipoona wametuzidi akili wote ni kwenye wimbo wa makungwi. Binti anakalishwa chini apewe maneno kuhusu wanaume wa simu mbili. Ngoma ikaanza, na wanawake waliokuwa ukumbini wakapiga kelele kabla hata neno moja halijaimbwa. Mama mdogo, niliyekwenda naye, alijifunika uso na khanga. Wanaume wakawa wanatazamana. Mahadhi yale tunayajua, na maneno yake halisi tunayajua, na hayasemwi mbele ya watoto wala waume. Vijana walichukua sauti wakaacha maneno, wakaweka mengine ya salfa na magunia ambayo hayana ubaya wowote. Kwa hiyo nusu ya ukumbi ilikuwa ikisikia wimbo mmoja, nusu nyingine wimbo mwingine. Nimesikia wazee wawili watatu wakilalamika kwamba mambo ya unyago yametolewa nje. Kipi kilichotolewa? Asiyechezwa alitoka mule akiwa hajui kitu, kama alivyoingia.

Na akina mama wakapanda jukwaani kutunza, bila shaka. Noti zikabandikwa kwenye paji la bibi katikati ya tukio. Mwigizaji wa kawaida angesubiri yaishe. Huyu alizihesabu moja moja mbele ya mgeni, akamwambia: "Unaona? Hela ya watu inahesabiwa, haipimwi kwa bakuli."

Wapo wanaosema mchezo wa kuimba ni kuiga Wazungu. Hao hawakuzikuta enzi za vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT ya marehemu Kapteni John Komba, ambapo kwa kiingilio kimoja ulipata ngoma, kichekesho, igizo na taarab usiku mmoja. Tofauti ni kwamba kule kila kitu kilikuwa na zamu yake: ngoma ikiisha, wachekeshaji wanaingia. Hapa wimbo ndio unaosogeza hadithi. Ukiutoa, hujui kwa nini binti kabadili nia.

Sasa la kuwagombeza. Baada ya mapumziko zilikuja nyimbo tatu za mapenzi mfululizo, bongo fleva ya sauti iliyopikwa kwenye kompyuta, waigizaji wakitembeza midomo tu. Watu hawahawa walikuwa wameimba kwa koo zao saa moja nyuma! Ukumbi ukapoa, watu wakatoka kununua maji. Yule mwanamume aliyevaa gauni na kufungwa mto makalioni naye angebaki nyumbani. Tumemwona vya kutosha. Na sindimba wameiweka mwisho kabisa, dakika chache, kama ile ya kupokelea viongozi uwanja wa ndege, wakati ingekuwa silaha ya wakulima kwenye mnada. Kuchelewa kuanza sitakuzungumzia, tumezoea.

Kiingilio cha elfu tano nililipa bila kinyongo, na ningelipa tena wakizifuta nyimbo mbili kati ya zile tatu na kuwapa wapiga ngoma nafasi yao. Nasikia wana mpango wa kulipeleka Newala na Tandahimba msimu ukifunguliwa. Huko sidhani kama karani ataachwa afike hata bei ya pili.